Dhahabu, Deni na Wasia: Hekima ya Shakespeare katika Kiswahili cha Mwalimu

Msafiri atokaye Nyasura, katika mji wa Bunda, akishika barabara kuu ya kwenda Musoma, hupita Kiabakari. Na akikata kuelekea mashariki hufika Butiama na Buhemba. Kiabakari na Buhemba ni mahali palipochimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, na kampuni iliyochimba Buhemba mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliitwa Meremeta, jina lisilohitaji mfasiri. Watu wa sehemu hizi, basi, hawahitaji kufundishwa na mshairi wa kigeni kwamba jiwe linalong'aa huenda lisiwe na thamani. Mchimbaji mdogo anayesaga mawe yake na kuyaosha analijua jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, methali inayolisema kwa Kiswahili, "Si kila king'aacho ni dhahabu", haina harufu ya machimbo. Harufu yake ni ya chaki.

Umbo lake linashuhudia hivyo. Methali za Kiswahili zilizokomaa aghalabu hujengwa kwa mapande mawili yaliyopimwa, moja likilijibu jingine bila kiunganishi: "Haraka haraka, haina baraka", "Kukopa arusi, kulipa matanga". Methali ya dhahabu imejengwa vingine. Ina kirejeshi, ina kitenzi kishirikishi, na mapande yake hayalingani. Zaidi ya hayo, haijatulia. Wako wasemao "Si kila king'aacho ni dhahabu" na wako wasemao "Vyote ving'aavyo si dhahabu", na kauli hizo mbili hazina maana moja. Ya pili, ikichukuliwa kama ilivyo, inadai kwamba hakuna king'aacho kilicho dhahabu, dai ambalo sonara yeyote angelikanusha. Kasoro hiyo imerithiwa. Katika Kiingereza kikanushi cha methali hiyo kimekaa mahali penye utata huo huo, na Kiswahili kimekipokea pamoja na utata wake. Msemaji hasumbuki, kwa kuwa methali hueleweka kabla ya kuchanganuliwa. Lakini kwa mwanaisimu utata huo ni kama muhuri wa forodha uliobaki juu ya shehena.

Waingereza nao waliipokea kutoka kwingine. Ilisemwa kwa Kilatini tangu karne ya 12, na Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliitumia. William Shakespeare (1564–1616) aliikuta imekwisha kuchakaa vinywani mwa watu, akaitia katika tamthilia yake ya mfanyabiashara wa Venisi, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600. Kilicho chake si methali yenyewe bali ni mahali alipoiweka. Portia, binti tajiri wa Belmont, ameachiwa sharti na marehemu baba yake: atamwoa yule atakayechagua sanduku sahihi miongoni mwa matatu, moja la dhahabu, moja la fedha, moja la risasi. Mwana wa mfalme wa Morocco anachagua la dhahabu. Ndani yake anakuta fuvu la kichwa, na katika tundu la jicho la fuvu hilo karatasi iliyokunjwa. Methali imeandikwa humo.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapoanzia. Mshindani huyu ni Mwafrika. Alipoingia jukwaani mara ya kwanza, neno lake la kwanza lilikuwa ombi kwamba asichukiwe kwa ajili ya rangi yake. Alipokwisha kushindwa na kuondoka, Portia, ambaye muda wote alimsemesha kwa adabu, aliomba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Kwa hiyo onyo la kutodanganywa na sura ya nje linasomwa na mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa sura yake ya nje, na linasomwa katika nyumba ya yule aliyemhukumu. Mwandishi wa tamthilia hakuikanusha methali. Aliiacha iwe kweli, kisha akaonyesha kwamba ukweli wake haukuwafaidia kitu wale waliokuwa nayo nyumbani.

Haya yanafuatwa na mchumba wa tatu, Bassanio. Yeye anatoa hotuba nzuri kuliko zote juu ya hadaa ya mapambo, anaukataa mng'ao wa dhahabu, anachagua risasi na kushinda. Lakini hadhira inajua kwamba nguo alizovaa, watumishi aliokuja nao na zawadi alizotangulia kuzituma vyote vimepatikana kwa fedha za kukopa. Ducati 3,000 zimechukuliwa kwa Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, na dhamana yake ni ratli moja ya nyama ya mwili wa Antonio, rafiki yake Bassanio. Mtu anayehutubia dhidi ya kung'aa ndiye pekee mle ndani anayeng'aa kwa mali isiyo yake. Mswahili anayetazama tamthilia hii hana haja ya methali ya kigeni. Anayo ya kwake, na inafaa kupita ile iliyomo ndani ya fuvu: "Kukopa arusi, kulipa matanga". Bassanio amekopa kwa ajili ya arusi, kwa maana kamili ya neno hilo, na muda mfupi kabla ya arusi kufungwa barua inafika kwamba Antonio anakaribia kuzikwa. Wahenga wa pwani wangeweza kudhaniwa kuwa walikuwa wamekaa ukumbini.

Tamthilia hii iliingia katika Kiswahili mapema, lakini bila masanduku yake. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha Unguja mwaka 1867 kitabu kidogo chenye hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, ile ya Venisi ikiwamo. Hakufasiri kutoka kwa Shakespeare mwenyewe bali kutoka katika masimulizi ya nathari ambayo Charles Lamb na dada yake Mary waliyaandika kwa ajili ya watoto wa Kiingereza mwaka 1807. Katika masimulizi hayo habari za masanduku zimeachwa. Bassanio anamchumbia Portia na kukubaliwa, basi. Matokeo yake ni kwamba Mswahili wa kwanza kuisoma hadithi ya Shylock aliisoma kama hadithi ya deni na kesi tu: hakuna dhahabu, hakuna fuvu, hakuna Mwafrika wa Morocco. Kwa muda wa miaka mia moja methali na tamthilia vilitembea katika Kiswahili kwa njia mbili zisizokutana. Methali ilipita shuleni, ikiwa peke yake, imekatwa na kunyooshwa. Tamthilia ilipita katika vitabu vya hadithi, ikiwa imeng'olewa methali yake.

Aliyezikutanisha alitoka Butiama.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, mtoto wa mtemi Nyerere Burito, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo Mwisenge, Musoma. Yapasa kulikumbuka jambo hili kila mara Kiswahili chake kinapozungumzwa. Mkoa wa Mara ni mkoa wa lugha nyingi zilizobanana: Kizanaki, Kiikizu, Kijita, Kikurya, Kijaluo, na Kisukuma kinachopanda kutoka kusini, bila kuzitaja ndogo zaidi. Mtoto wa huko hakinyonyi Kiswahili kwa mama. Anakutana nacho njiani na shuleni, na hukitumia kwanza kwa kuelewana na asiye ndugu yake. Kutoka Mwisenge Nyerere alikwenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, ambako alitunukiwa shahada yake mwaka 1952, fasihi ya Kiingereza ikiwa miongoni mwa masomo aliyoyasoma. Shakespeare, kwa hiyo, alimfikia katika lugha ya tatu, na alimfasiri katika lugha ya pili.

Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, mfasiri akiwa amekwisha kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha kwa upana, safari hii ikiitwa Juliasi Kaizari. Jina la Kirumi lilikuwa limefuata sauti za Kiswahili; jina la mfasiri, ambalo ni lile lile la Kirumi, halikuguswa. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Samuel Mushi alikuwa ametoa Makbeth mwaka 1968, na Tufani ikafuata mwaka 1969. Lakini hakuna tafsiri nyingine ya miaka hiyo iliyozusha mjadala kama neno moja katika jina la kitabu cha pili cha Nyerere.

Shakespeare anataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere anataja mabepari, kwa wingi. Wahakiki kadhaa wameona hapo mkono wa mwanasiasa: Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, benki zilikuwa zimetaifishwa siku zilizofuata, na "ubepari" lilikuwa neno la mikutano ya hadhara. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mepesi mno kwa neno lenye historia kama hii. Bepari limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara, na kwa maana hiyo lilikaa pwani kabla ya mtu yeyote kulitumia kumtukana mwenzake. Mfasiri aliyetafuta neno la kumwita Antonio alikuwa na uchaguzi mdogo. Tajiri kwa asili ya Kiarabu ni mfanyabiashara hasa, lakini katika Kiswahili lilikwisha kuteleza likawa mwenye mali, au hata mwajiri. Mchuuzi ni mdogo mno. Mtu mwenye merikebu baharini si mchuuzi. Mfanyabiashara ni neno safi lisilo na ladha, nalo ni refu, mzigo kwa mwandishi anayehesabu mizani. Bepari lilikuwa fupi, la kale, na lilimhusu mtu wa biashara kubwa. Kwamba mwaka 1969 lilikuwa pia limekwisha kutiwa sumu, mfasiri alijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa sumu ile sehemu yake kubwa alikuwa ameitia yeye.

Wingi wa neno ndio uamuzi. Katika Kiingereza jina la tamthilia linamhusu Antonio, mkopaji mwema, na wasomaji wengi hudhani ni Shylock, mkopeshaji mbaya. Kosa hilo ni la kawaida hata kwa waliosoma sana. Wingi wa Kiswahili unaliondoa kosa hilo kwa kulifanya lisiwe kosa. Wote ni mabepari. Antonio anayetoa bila riba, Shylock anayetoza, Bassanio anayeoa ili alipe madeni, wamewekwa ndani ya neno moja. Bila shaka kuna hasara hapa: tofauti ya kimaadili ambayo Wakristo wa Venisi wanajivunia imefutwa kabla pazia halijafunguliwa. Lakini mtu aliyesoma tukio la masanduku kwa makini atashuku kwamba Shakespeare mwenyewe hakuiamini sana tofauti hiyo.

Suala la rangi na dini lilikuwa karibu na mfasiri kuliko wasomaji wake wengi wanavyokumbuka. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili nani awe raia, na wapo wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere alipinga kwa ukali na kuonyesha kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Waliokuwa wakilengwa zaidi walikuwa Waasia, na Waasia ndio waliojulikana zaidi kama wafanyabiashara. Neno bepari lenyewe lilitoka kwao. Miaka minane baadaye mtu yule yule alikaa na maneno ya Shylock, pale Myahudi huyo anapouliza kama yeye hana macho na mikono kama watu wengine, akayatia katika Kiswahili kwa utimilifu, bila kuyapunguza. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa Afrika waliosema hadharani kwamba ule ni ubaguzi wa rangi. Si lazima kudai kwamba tamthilia ilimfundisha. Yatosha kuona kwamba aliyetunga jina la Mabepari hakukubali liwe jina la kabila.

Kuna hotuba nyingine ya Venisi inayopendwa kuliko zote, na ambayo imekatwa kutoka mahali pake mara nyingi zaidi hata ya methali ya dhahabu. Ni maneno ya Portia juu ya rehema, anayoyasema mahakamani akiwa amejigeuza wakili. Anaifananisha rehema na mvua: haishurutishwi, na humbariki anayetoa kama inavyombariki anayepokea. Kwa msomaji wa Mara sitiari hii haikuwa pambo. Nyerere alipewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Jirani zao Waikizu husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, na ambaye utemi wa mvua wa Ikizu huhesabiwa kuanzia kwake. Katika nchi ya namna hii mvua ina mwenyewe. Huombwa, hulipiwa, na ikikawia yuko mtu wa kuulizwa. Kusema kwamba rehema ni kama mvua, kwa mtu aliyekulia Uzanaki, si kusema kwamba inashuka bure juu ya kila mtu. Ni kusema kwamba iko mikononi mwa mwenye mamlaka, na kwamba yeye ndiye atakayelaumiwa kwa ukame.

Na kwa mujibu wa tamthilia, mamlaka hayo yanahamia kwa Portia robo saa baada ya hotuba. Anapata mwanya wa sheria: mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Shylock anashindwa. Sasa yeye ndiye anayehitaji mvua, na inayomnyeshea ni ya mawe. Anaondolewa mali yake, na analazimishwa, kwa pendekezo la Antonio, kuiacha dini yake. Wakristo ukumbini wanaliita tendo hilo huruma. Hotuba iliyofanywa kuwa wasia wa vizazi vyote ilitolewa na mtu ambaye, alipopewa nafasi ya kuifuata, hakuifuata.

Hili ndilo linaloitenga hekima ya Shakespeare na hekima ambayo fasihi ya Kiswahili ilikuwa imeizoea. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unaanza kwa mama mgonjwa anayemwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Msomaji anamjua msemaji, anaijua hali yake, anamjua anayeambiwa. Shaaban Robert (1909–1962) alipomwandikia mwanawe wa kiume Adili na binti yake Hati, aliifuata desturi hiyo hiyo: baba ni baba, na anachokisema anakimaanisha. Tenzi hizi zina utaratibu wa amana. Wasia una mwenye kuutoa, ambaye maisha yake yako wazi kwa anayeupokea, na mtoto ana haki ya kumpima mzazi kwa maneno yake. Tamthilia inauvunja utaratibu huo. Mshairi hasemi neno hata moja kwa kinywa chake. Kila hekima ina mdomo wa mtu mwingine, na mtu huyo ana shida zake.

Mfano ulio wazi kuliko wote haumo katika tafsiri za Nyerere. Ni Polonius, mshauri mkongwe wa mfalme katika Hamlet, anayemwagia mwanawe wasia wakati wa kupanda merikebu: asikope wala asikopeshe, avae vizuri bila makeke, asikilize wengi na kusema kidogo, awe mkweli kwa nafsi yake. Katika nchi zinazosema Kiingereza maneno hayo huandikwa kwenye kadi za mahafali kana kwamba ni ya Shakespeare. Muda mfupi baadaye Polonius huyo anamtuma mtumishi akampeleleze mwanawe yule yule kwa kumsingizia maovu, na anakufa akiwa amejificha nyuma ya pazia akisikiliza yasiyomhusu. Shauri lake la kutokopa nalo lina walakini likipelekwa Mara. Huko kijana hulipa mahari kwa ng'ombe waliokusanywa na baba, wajomba na ndugu, naye hudaiwa achangie zamu ya mwingine itakapofika. Mtu asiyekopa wala kukopesha katika jamii ya namna hiyo si mwenye busara; ni mtu asiye na watu. Methali ya pwani haikatazi kukopa. Inataja tu arusi na matanga, na kumwachia msikilizaji hesabu.

Katika Juliasi Kaizari hatari ya maneno mazuri imefikishwa mwisho wake. Brutus anazungumza juu ya heshima na uhuru vizuri kuliko mtu yeyote katika tamthilia, na yote mazuri aliyoyasema yanamfikisha kwenye kisu. Antony naye anausomea umati wa Warumi wosia wa Kaizari: kila raia ameachiwa fedha, na bustani za marehemu zimekuwa mali ya umma. Wosia ni wa kweli. Unatumiwa kuchoma nyumba za watu. Haikosi kushangaza kwamba kiongozi wa nchi changa, katika mwaka wake wa kwanza wa urais, alitumia saa zake za faragha kulifasiri tukio hilo, mstari kwa mstari, na kwamba miaka sita baadaye hakuridhika nalo, akalirudia.

Nyerere mwenyewe alijua kukata. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa aliichukua methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo kwa asili inaweka mpaka wa ukarimu na mara nyingi husemwa kwa mzaha, akaifanya hoja kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Hakuna aliyemlaumu, na methali ilistahimili. Tofauti ni kwamba aliitumia mbele ya watu walioijua methali hiyo kwa maana zake zote, wenye uwezo wa kumjibu kwa methali nyingine.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama siku tisa baadaye. Tangu hapo jambo lililompata Shakespeare limeanza kumpata. Sauti yake imesikika redioni katika kipindi cha Wosia wa Baba, vipande vya dakika chache kutoka katika hotuba ndefu. Sentensi zake juu ya rushwa, ukabila na uongozi hunukuliwa misibani, bungeni na kwenye kampeni, na hutajwa na wanaotetea jambo kama na wanaolipinga. Nyingi zilisemwa mahali maalumu, kumjibu mtu maalumu, na baadhi zilisemwa na mtu aliyekuwa akikiri kosa la serikali yake mwenyewe. Mazingira hayo yakiondolewa kinachobaki ni karatasi iliyokunjwa vizuri. Mwanafunzi wa Bunda au Butiama anayeandika insha anaweza kuitumia karibu na methali ya dhahabu bila kujua kwamba zote mbili zilitolewa katika fuvu. Walimu wa fasihi wanaweza kulirekebisha hili kwa swali moja la kawaida la darasani, linaloulizwa juu ya mhusika yeyote wa tamthilia: nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini? Swali hilo huulizwa juu ya Shylock. Ni nadra kuulizwa juu ya Mwalimu, na si kumkosea adabu kuliuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili vitabu viwili vinavyofundisha kuliuliza.

Liko jambo la umbo linalostahili kutajwa mwishoni. Shakespeare wa Nyerere hana vina. Mfasiri alifuata mashairi huru ya Kiingereza na kuandika mistari ya guni, jambo lililowakera baadhi ya wapenzi wa ushairi wa kimapokeo, na hakuna anayeweza kudai kwamba alifanya hivyo kwa kutojua bahari za Kiswahili. Mwaka 1996 tafsiri zake za Enjili na Matendo ya Mitume zilichapishwa na watawa wa Ndanda na Peramiho. Kazi hiyo kubwa kuliko zote alizofasiri ameiandika kwa umbo la utenzi, beti za mistari minne na vina vyake, umbo lile lile la Mwana Kupona na la Shaaban Robert kwa wanawe. Utenzi ni umbo la sauti moja, ambamo msemaji husimama nyuma ya maneno yake. Mzee wa Butiama alilitumia kwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Brutus, Antony na Portia hakuwapa.